Nilifika kambini Jumatatu, lakini Gando uwanja haukufagiwa mpaka Ijumaa

Wakuu, salamu zenu. Aliye kazini Mungu ampe nguvu, aliye nyumbani na watoto wake akitazame vizuri hicho kikombe cha chai mbele yake, maana hajui bahati aliyonayo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, mchangiaji wa mara moja moja. Leo naleta langu mwenyewe. Sikuhadithiwa, limenipata. Nimebadilisha majina tu kwa sababu mke wangu ana ndugu wengi humu ndani na wote wana midomo. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na yale ya kuniaibisha.

Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Msinisahihishe mbele za watu.

Twende.

Mimi ni Mpemba wa Gando, upande wa Wete. Kazi yangu dobi. Nafua nguo kwenye kambi ya mgodi mmoja huko bara, jina naliacha. Ukishuka kwenye basi unapanda gari la kambi masaa manne, na njia nzima unaona vichaka na mbuzi, mbuzi na vichaka.

Ratiba yetu ni wiki nane ndani, wiki mbili off. Kwa wenzangu wa mikoa ya jirani wiki mbili ni wiki mbili. Kwangu mimi kuna gari la kambi, basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Mkoani, gari mpaka Wete, ndiyo Gando. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi. Zinabaki nane. Katika hizo nane, mbili za mwanzo unalala kama gunia, na mbili za mwisho kichwani ushaanza kupanga begi.

Nne ndizo zako.

Sisemi kwa kulalamika. Kazi yangu naipenda. Nina ndoto ya kufungua dobi ya mashine pale Wete mjini, yenye bango la buluu, benchi la wateja kusubiria na kahawa ya bure. Mke wangu, nitamwita Zuwena, anasema hiyo kahawa ya bure itanifilisi kabla ya sabuni.

Halafu udobi una elimu yake, wakuu. Dobi wa kambi anamjua kila mtu kwa mifuko yake. Nimekuta jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi. Nimekuta kibanio cha nywele, cha mtu ambaye kambi nzima inamuogopa kwa ukali.

Na nimejifunza kwamba mtu akianza kuzama, nguo zake ndizo zinasema kwanza. Aliyekuwa analeta ovaroli mbili kwa wiki analeta moja. Halafu hata hiyo moja haiji. Wenzangu nilikuwa nawaona, nawatania kidogo, wanachangamka.

Yangu sikuyaona.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, bila hilo hamtaelewa.

Kwetu mtu akisafiri, nyumba haifagiwi nyuma yake mpaka ijulikane kafika. Wazee wanasema ukifagia kabla, unamfagia na yeye. Najua kuna mtu keshaanza kuandika "ushirikina huo". Sawa mkuu, weka kidole pembeni, soma kwanza.

Kwa mama yangu, Bi Time, hilo halina mjadala. Begi langu likivuka mlango, ufagio wa njukuti za mnazi unapanda ukutani kwenye msumari wake, na hakuna wa kuugusa.

Zamani safari ilikuwa Gando kwenda Chake. Mtu kafika kabla ya adhuhuri, uwanja unafagiwa, maisha yanaendelea. Mimi nimewaletea safari ya siku tatu. Majani ya mshelisheli yanajaa, kuku wanachakura, majirani wanapita na maneno yao:

"Bi Time, mwanao hajafika tu?"

"Akifika utausikia ufagio."

Na kweli unasikika. Nikishuka tu kambini napiga simu, "Nimefika!" Mama anapaza sauti, "Zuwena! Chukua ufagio!" Na Zuwena, mwanamke huyu Mungu amuweke, haikati simu. Anaiweka juu ya kizingiti ili nisikie.

Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Kama dakika moja hivi. Halafu anaichukua, anahema kidogo, anasema, "Haya, ushafika." Ndipo na mimi naamini nimefika.

Basi. Off iliyonipa huu uzi ilikuwa ya karibu na msimu wa karafuu.

Nina binti, Ilham, wakati huo miaka miwili na nusu. Kwake yeye baba ni simu. Nilipoingia uwanjani alinitazama, akakimbia ndani, akatoka na simu ya mama yake, akaninyooshea.

"Baba huyu hapa," akaniambia.

Ananitambulisha kwa baba yake! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Ila kile kicheko kilipokuwa kinashuka tumboni kilikuwa na miba.

Siku zile nikawa mtu wa ajabu. Usingizi ulikataa kwa sababu hakuna jenereta linalonguruma. Nilikula kwa dakika tano kama kuna king'ora kinanisubiri. Ilham akidondosha kikombe, nashtuka kama kimeanguka kifusi. Na mdomo ukafunga, mimi ambaye mama ananiita redio.

Lilipasuka siku moja kabla ya safari. Zuwena alifua nguo zangu zote kwa mkono, akazianika. Mimi nikazianua zikiwa mbichi na kuanza kuzifua upya. Nikamwambia kambini tunatenganisha kwanza, tunaloweka kwa kipimo, hivi ulivyofanya sivyo.

Alinitazama, mikono yake bado ina povu.

"Hapa si kambini, baba Ilham. Hapa kwenu."

"Nakufundisha tu."

"Mie nilitaka uondoke na nguo zilizopita mkononi mwangu. Wiki nane unafulia watu. Weye nani anakufulia?"

Mtu mwenye akili angenyamaza pale. Mimi nikajibu, "Bora nirudi kazini, huko angalau kazi yangu naijua."

Wakuu, yale maneno niliyaona yakitoka na sikuyakamata.

Asubuhi yake Ilham alikuwa kwa jirani anacheza. Nikaondoka bila kumuaga, nikajiambia namuonea huruma asilie. Ukweli ni kwamba nilikimbia.

Unguja nilipiga, nikasema nimevuka. Dar nikatuma meseji ya maneno mawili. Jumatatu saa kumi alasiri gari la kambi likatushusha.

Nikatoa simu. Jina la Zuwena liko pale juu. Kabla ya kupiga nikaijaribu sauti yangu peke yangu nyuma ya bweni: "Nimefika!" Ikatoka kama ya mtu aliyeamshwa na homa. Nikajaribu tena. Ileile.

Nikawaza, nikipiga na sauti hii mama atajua, na Zuwena atadhani bado nina hasira. Nitapiga kesho nikishachangamka.

Nikaizima simu, nikaitia chini kabisa ya begi.

Kesho ikaja, sikuchangamka. Kesho kutwa hivyo hivyo. Kazi nafanya, msinielewe vibaya. Mashine inazunguka na mimi naitazama inavyozunguka. Chakula nachukua, nakirudisha. Sikuwa na wazo la kujidhuru, hilo niliseme wazi, lakini nilikuwa najisikia kama nabeba blanketi lililolowa ambalo hakuna pa kulianika.

Na ufagio? Nawaambia kweli, niliusahau. Nilijiambia nyumbani watakisia tu, mtandao wa kambini si mara ya kwanza kukatika.

Ijumaa mchana akaja Maganga. Huyu ni opereta wa greda, Msukuma, mtu mzima, watoto wake wakubwa. Tangu nifike kambini ananiita Yakhe, na mimi namuita Babu wa Ng'ombe. Siku hiyo alikuja mikono mitupu, bila hata soksi ya kufua.

"Yakhe, kikapu chako kiko wapi?"

"Kikapu gani?"

"Cha nguo zako wewe. Hiyo fulana unayo tangu Jumatatu. Sasa leo wewe unanifulia mimi, au nikuvue nikufulie?"

Nikacheka cheko la kulazimisha. Yeye hakucheka. Akageuza ndoo, akakaa juu yake.

"Mkeo kanipigia."

Namba ya Maganga Zuwena anayo tangu siku ile simu yangu ilipofuliwa pamoja na suruali yangu. Ndiyo, dobi alifua simu yake, endeleeni kucheka. Nilitumia ya Maganga wiki mbili.

"Kasema nini?"

"Kaniuliza kama anaruhusiwa kufagia."

Ndipo nikaukumbuka ule ufagio.

"Nikamwambia, shemeji, fagia tu, mimi na ufagio wako tumekutana wapi? Akasema haiwezekani, mpaka useme mwenyewe. Sasa Yakhe, nina zaidi ya miaka hamsini, nimeona mengi. Mwanamke wa kuomba ruhusa ya kufagia kutoka kisiwani mpaka huku porini, huyo sijamuona. Hebu nieleze."

Nikaanza kumueleza. Sikufika mwisho. Akanipa simu yake nione picha aliyotumiwa.

Uwanja wetu wote majani. Yaliyokauka chini, mabichi juu yake. Mlangoni magunia mawili ya karafuu mbichi. Na mama yangu kakaa kibarazani chini ya ule ufagio ukutani, kama askari wa benki.

Kwa wasiojua karafuu: ikishachumwa na kutolewa makonyo, vile vijiti vyake, haitaki kusubiri. Inatandikiwa majamvi uwanjani ipigwe jua. Ukiilundika mbichi inapata joto, inaharibika rangi, na hakuna wa kuitaka. Na jamvi hulitandiki juu ya majani na mavi ya kuku, lazima ufagie kwanza. Majirani nao viwanja vyao vimejaa karafuu zao. Mama ana mikarafuu saba tu. Hiyo saba ndiyo mwaka wake.

Chini ya picha Zuwena kaandika: "Nimemuomba mama nifagie karafuu zisiharibike. Kasema mkarafuu utazaa tena, yeye hazai tena."

Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Maganga alisubiri nimalize kulia. Hakunibembeleza wala kunigombeza. Akasema tu, "Mimi nilinyamaza hivyo hivyo enzi zangu, nikisubiri sauti irudi. Nyumbani wakazoea kunyamaziwa. Leo nikipiga wanangu wananiuliza, mzee kuna tatizo gani? Wako bado hawajazoea. Piga."

Nikaenda kuitoa simu. Njiani nikaupika uongo wangu vizuri: basi liliharibika, halafu mtandao, halafu chaji. Ukaiva kabisa.

Akapokea mama.

"Mama, shikamoo."

Nikasikia anashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko kambini, mama."

"Umefika lini?"

Uongo uko ulimini, nausikia ladha yake. Na nikaona, nikisema basi liliharibika, hapo hapo atamuita Zuwena achukue ufagio, karafuu zitaanikwa, na mimi nitabaki huku na blanketi langu kichwani. Hakuna atakayejua. Na safari ijayo itakuwa hivi hivi.

"Jumatatu, mama."

"Leo Ijumaa."

"Najua. Siumwi, lakini sijisikii vizuri. Nilitaka kusema nimefika, sauti ikakataa. Umefika mwili tu."

Nikafumba macho nisubiri mvua ya maneno. Mama akasema taratibu:

"Basi hujafika. Mie nangojea mwana mzima, si nusu mwana. Ufagio na ukae palepale."

"Mama, karafuu!"

"Karafuu sikuzizaa mie. Zungumza na mkeo."

Zuwena akachukua simu. Nikamuomba radhi kwa zile nguo, kwa lile neno la "bora nirudi kazini", na kwa kuondoka Ilham akiwa kwa watu.

"Anakutafuta," akasema. "Kila akilia namuwekea voice note zako za zamani, zile unacheka. Na mie nikizisikia najiambia, mwenzangu huko yuko harusini."

"Harusi gani, Zuwena."

"Sasa mbona husemi? Mie nami nikikutumia zangu za kucheka, nafuta tatu natuma moja."

Wakuu, mwaka mzima. Mimi huku najipaka sauti ya furaha ili asihuzunike, yeye kule anafuta tatu anatuma moja ili nisihuzunike. Kila mmoja anamuonea wivu mwenzake kwa raha asiyokuwa nayo.

"Kumbe sote waongo," nikamwambia.

"Waongo wakubwa." Nikasikia anacheka na kuvuta kamasi kwa pamoja. "Na ile kanzu uliyoiacha, uliyoifua upya kwa kipimo, ina doa kolani. Dobi gani weye?"

Sijawahi kufurahi kutukanwa kazi yangu kama siku ile.

Tukaagana nikamalize shifti. Saa tisa nilipotoka Maganga alikuwa ananisubiri. Nikafua nguo zangu zote, yeye anakamua, tunatukanana kwa makabila yetu kama kawaida. Nikaoga. Nikala sahani ya wali na maharage mpaka mwisho. Halafu nikapita zahanati ya kambi, nikamwambia sista wa pale kila kitu, hata la simu chini ya begi. Alisikiliza peni ikiwa mezani. Akasema nimefanya vizuri kuja, na nirudi kila wiki hata nikijiona mzima. Akasema pia, wengine wanaokuja kwake ni watu ambao nguo zao nafua mimi. Hakutaja majina, wala sikuuliza.

Saa kumi na moja kasorobo nikapiga tena.

"Mama, nimefika."

"Mzima?"

"Nimebakisha kidogo."

Akafikiri.

"Hicho kidogo kitakuja na gari la nyuma. Zuwena! Chukua ufagio!"

Niliiweka simu juu ya ndoo katikati yetu, mimi na Maganga.

Chwaa. Chwaa. Chwaa.

Majani ya siku saba hayaishi kwa dakika moja. Tulisikiliza mpaka mwisho. Maganga alivua kofia yake akaishika mkononi, sijui kwa nini, na sikumuuliza.

Karafuu gunia moja lilipona. Moja liliharibika rangi. Mama hajalitaja hata kwa utani mpaka leo, na kwa jinsi anavyonitania kwa kila kitu, hapo ndipo najua uzito wake.

Tangu siku ile tumekubaliana kitu na Zuwena: sauti mbovu inaruhusiwa. Ukiamka vibaya, unatuma ile ile uliyoamka nayo, hakuna kufuta. Mara nyingine voice note yake ni dakika nzima ya kulalamika juu ya mbuzi wa jirani, na mimi nasikiliza mara mbili. Kwa sista naenda. Siku ya Ijumaa baada ya shifti tunakaa watu wanne watano kwenye kamba za kuanikia, kila mtu anapiga kwao hapo hapo, na asiyetaka kupiga tunamuuliza kikapu chake kiko wapi. Kuhusu siku za safari kula off yetu sisi wa visiwani tumeandika barua, majibu bado.

Siwaambii kwamba nimepona kila kitu. Kile kidogo mara nyingine kinachelewa gari. Ila nimejifunza kwamba kufika ni neno unalompa mtu anayekungoja, na huwezi kumpa neno tupu. Ukimnyima, kuna mtu mahali fulani kashindwa hata kushika ufagio wake.

Hivi naandika niko Gando, barazani. Off nyingine.

Juzi nilipoingia uwanjani Ilham alinitazama. Akaitazama simu mkononi mwa mama yake. Nikasema moyoni, haya, ananitambulisha tena. Akageuka akakimbia ukutani, akawa anarukaruka kuonyesha msumari. Bibi yake akamshushia ufagio. Mrefu kuliko yeye! Akaja anauburuta mpaka mbele yangu, akaanza kunifagia miguu kwa nguvu zake zote.

"Baba kafika," akamwambia kila mtu. "Baba kafika."

Wanasema ukifagiwa miguu hutaoa tena. Zuwena kasema hilo ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya mwaka huu.

Kesho kutwa narudi. Nitamuaga akiwa macho, akilia tulie pamoja. Nguo zangu zimefuliwa na Zuwena, ziko kwenye begi, na doa moja nimeliona na nimelinyamazia.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wa migodini, wa meli, walinzi wa minara huko porini, walimu wa shule za mwisho wa barabara: mnawapa nini nyumbani kwenu ili wajue mmefika kweli? Na kama kuna anayesoma hapa na simu yake iko chini ya begi, mkuu wangu, komenti zitakusubiri. Anza na hiyo simu.